Wauza Tumbaku na Daftari la Wabunge

Kila uchaguzi unapokaribia neno moja husikika tena sokoni, njiani, na hata mlangoni mwa kanisa baada ya misa: kwamba kura haibadilishi kitu, kwamba wanasiasa wote ni wamoja, na kwamba anayekwenda bungeni Kinshasa anakwenda kula zamu yake. Hulisema mtu aliyechoka, nami simlaumu kwa kuchoka. Lakini namwalika atazame kundi moja la watu ambao hawajapata kuliamini neno hilo hata siku moja, ingawa mali yao ingewaruhusu kuishi bila kujali nani ameketi wapi. Nasema juu ya watengenezaji wa sigara. Hao wanayajua majina ya wabunge na kamati zao. Wanajua ni kura ngapi zilimpitisha huyu na ngapi zilimwangusha yule. Na uchaguzi ukiisha, wakati sisi tunabishana juu ya nani kaiba, wao huketi na kuandika.

Tunayajua haya kwa maandishi yao wenyewe. Huko Marekani majimbo mengi yalizishitaki kampuni kubwa za tumbaku yakidai gharama za kuwatibu watu walioharibiwa na sigara. Mwezi wa Mei 1998 jimbo la Minnesota lilimaliza kesi yake kwa mapatano; mwezi wa Novemba majimbo mengine 46 yakatia sahihi mapatano mapana zaidi, yaliyozidai kampuni zaidi ya dola bilioni 200 katika miaka 25 ya kwanza. Habari ya fedha ndiyo iliyotangazwa sana. Kwa maoni yangu pigo kubwa lilikuwa jingine: walilazimishwa kufungua makabati yao. Barua, ripoti, orodha na kumbukumbu za vikao vilitolewa hadharani, na leo zaidi ya hati milioni 14 zimehifadhiwa na Chuo Kikuu cha California, San Francisco, ambako mtu yeyote anaweza kuzisoma. Mapatano hayo hayo yaliivunja Taasisi ya Tumbaku, chombo ambacho kampuni zilikiunda mwaka 1958 kiwe jicho na ulimi wao mjini Washington na katika majimbo yote 50.

Wengi huzifungua hati hizo wakitafuta habari za kansa na nikotini, na ni haki yao. Mimi naomba tupinde kidogo kuelekea rafu ya uchaguzi. Humo mna ripoti zilizoandikwa baada ya upigaji kura, jimbo kwa jimbo: nani ameingia, nani ametoka, chama gani kimepata wingi, mwenyekiti wa kamati gani atabadilika, na mabadiliko hayo yana maana gani kwa kodi ya sigara na kwa sheria za kuvuta mahali pa watu wengi. Mna hesabu za michango. Mna majina ya wabunge wanaohesabiwa kuwa marafiki na ya wale wanaohesabiwa kuwa hatari. Mwanasiasa aliyedhani kwamba hotuba zake zimesahauliwa angeshangaa kukuta kuna mtu alizikumbuka.

Tazameni sasa jinsi hukumu yenyewe inavyotolewa. Mwalimu anayejaza daftari la alama huangalia masomo mengi, naye humvumilia mtoto mzito wa hesabu kwa kuwa anasoma vizuri au ana adabu. Daftari hili lina somo moja tu. Mbunge anaweza kuwa mcha Mungu au mpagani, mtetezi wa maskini au mnyonyaji wao, mwaminifu kwa mke wake au la. Hayo yote hayamwongezei wala kumpunguzia. Swali la kwanza ni hili: kodi ya sigara ikiletwa mezani, atainua mkono upande gani? La pili ni zito kuliko la kwanza: je, ana uwezo wa kuizuia isifike mezani kabisa?

Ndiyo maana tumbaku haina chama. Huko California, Spika wa bunge la jimbo kwa miaka mingi alikuwa Willie Brown, wa chama cha Democrat, mtu Mweusi aliyejulikana kwa kutetea haki za watu wake na za wanyonge. Alipokea fedha za tumbaku kuliko mbunge mwingine yeyote wa jimbo hilo. Wapiga kura wake walitazama rangi, chama na ufasaha wa maneno. Wenye daftari walitazama kiti. Spika ana nguvu kubwa juu ya kamati, na mswada uliopelekwa kwenye kamati isiyoupenda hufa bila kelele, bila kura, bila mtu wa kulaumiwa.

Jambo hili la kiti linataka tulikalie kidogo, maana ndipo tunapoachwa nyuma. Tarehe 14 Aprili 1994 wakuu wa kampuni saba waliketi mbele ya kamati ndogo ya afya iliyoongozwa na mbunge Henry Waxman. Walikuwa chini ya kiapo, na mmoja baada ya mwingine wakasema kwamba hawaamini nikotini humfanya mtu kuwa mtumwa wake. Picha ile ilizunguka dunia yote. Mwezi wa Novemba mwaka huo huo, chama cha Republican kilitwaa Baraza la Wawakilishi baada ya miaka 40 ya kukaa nje. Waxman mwenyewe alirudishwa na wapiga kura wake. Msomaji wa kawaida wa gazeti angesema: Waxman ameshinda tena. Msomaji wa daftari angesema: Waxman ameanguka, kwa sababu wingi ulipohama, nyundo ya mwenyekiti ilimtoka mkononi. Kamati kuu ya biashara, iliyo juu ya kamati yake ndogo, ilipewa Thomas Bliley wa Richmond, Virginia, mji wenye kiwanda kikubwa cha Philip Morris. Naye hakukawia kusema kwamba haoni haja ya sheria zaidi juu ya tumbaku.

Haki inanidai niongeze neno hapa. Ni Bliley huyo huyo ambaye baadaye alizilazimisha kampuni kutoa hati zao, na mwezi wa Aprili 1998 kamati yake ilitangaza hati zipatazo 39,000. Aliyeandikwa katika safu ya marafiki hajafungwa minyororo. Anaweza kugeuka, na akigeuka anajua mahali funguo zilipo.

Nimesikia majibu ya wanaozitetea kampuni hizi, nami sitaki kuyapita kana kwamba ni ya wajinga. Wanasema kwanza: kila mwenye biashara hufuatilia sheria; mkulima hutazama mvua, mfanyabiashara hutazama bunge; kosa liko wapi? Kufuatilia si kosa, nakubali. Lakini mtu anayefuatilia kwa nia njema hujitaja jina. Mwaka 1988 watu wa California waliamua kwa kura yao wenyewe, kwa njia ya Pendekezo namba 99, kuongeza senti 25 kwenye kodi ya kila pakiti, ingawa kampuni zilitumia zaidi ya dola milioni 20 kuwakataza. Baada ya kushindwa, kampuni ziliongeza michango kwa wabunge wa jimbo hilo, hata kufikia uchaguzi wa 1991 na 1992 bunge la California lilikuwa likipata kwao fedha nyingi kuliko Kongresi ya nchi nzima. Tena mwaka 1994 Philip Morris ilileta pendekezo lake, namba 188, likiwa limevishwa mavazi ya sheria kali ya kuzuia uvutaji wa sigara. Ndani yake mlikuwa na kifungu cha kuzivunja sheria kali zaidi ambazo miji ilikwisha kujiwekea. Watu walipogundua ni nani aliyekuwa nyuma ya pazia, karibu 7 katika kila 10 walilikataa. Anayetazama mvua havai ngozi ya kondoo.

Wanasema pili: fedha hazimnunui mtu, kampuni huwapa wale ambao tayari wanafikiri kama wao. Jibu hili lina nusu ya ukweli. Ripoti za uchaguzi zina kazi hiyo hasa, kumtambua rafiki mapema. Lakini watafiti waliochunguza kura za Kongresi za miaka ya 1997 hadi 2000 waliona kwamba kadiri mbunge alivyopokea fedha nyingi za tumbaku ndivyo alivyoelekea zaidi kupiga kura ya kuipendelea, hata baada ya kupima chama chake na kama jimbo lake linalima tumbaku. Na hata tukiacha hesabu, liko tendo ambalo kila mtu anaweza kulielewa. Mwezi wa Juni 1995, John Boehner, mmoja wa viongozi wa Republican, aligawa hundi za mfuko wa kisiasa wa kampuni ya tumbaku kwa wabunge wenzake ndani ya ukumbi wenyewe wa bunge. Habari ilipotoka alikiri na kusema hatarudia. Kanuni za siku zile hazikumkataza. Mwaka 2011 akawa Spika. Akastaafu mwaka 2015. Na mwaka uliofuata akaketi katika baraza la wakurugenzi wa Reynolds American, wenye sigara. Sidai kwamba kiti hicho kilikuwa malipo ya hundi zile. Nasema tu kwamba daftari la kampuni lina kumbukumbu ya miaka 20, na la mpiga kura, mara nyingi, halifikishi hata miezi 20.

Mswada wa Seneta John McCain wa mwaka 1998 unatuonyesha matunda ya uvumilivu huo. Ungeongeza dola 1 na senti 10 kwa kila pakiti. Kampuni zilimwaga dola zipatazo milioni 40 katika matangazo ya kuuita mswada wa kodi juu ya watu wa chini. Tarehe 17 Juni zilihitajika kura 60 za kufunga mjadala, zilipatikana 57. Upungufu wa watu watatu. Anayesema kura moja haina maana na aihesabu hiyo.

Jibu la tatu ndilo linalogusa watu wetu zaidi, nalo ni la kazi na mashamba: ukiibana sigara, unamwua mkulima wa tumbaku. Kwa hili hatuna haja ya kwenda Washington. Ng'ambo ya mpaka wa Ishasha, jirani ya Rutshuru yetu, iko wilaya ya Kanungu ya Uganda. Chris Baryomunsi, daktari aliyekuwa mbunge wa sehemu moja ya wilaya hiyo, ndiye aliyepeleka bungeni mswada wa kudhibiti tumbaku. Mwaka 2014 tawi la British American Tobacco nchini Uganda lilimwandikia barua kumjulisha kwamba, kwa ajili ya mswada huo, halitaendelea kufanya mkataba na wakulima 709 wa kwao. Kampuni ilikana kwamba hayo ni vitisho. Basi tuisome barua yenyewe polepole. Kwa nini habari ya mikataba ya wakulima apelekewe mbunge? Kwa nini wakulima hao wahesabiwe mpaka mtu wa mwisho, 709, tena wa eneo la mtu huyo mmoja? Anayemhurumia mkulima humwandikia mkulima. Anayemwandikia mbunge idadi ya wapiga kura wake anazungumza juu ya uchaguzi unaokuja.

Na hapo naona ubaya wote wa daftari hili. Mkulima yule aliyeamka usiku kukausha majani, mwenye karo ya watoto ya kulipa, aligeuzwa kuwa fimbo ya kumchapia mtu ambaye alikuwa akijaribu kulinda mapafu ya watoto hao hao. Hakuulizwa. Tumbaku huua zaidi ya watu milioni 7 duniani kila mwaka, na wengi wao ni wa nchi za kipato cha chini na cha kati. Bado kampuni huja kwetu ikiwa imevaa sura ya mtetezi wa maskini.

Bunge la Uganda liliipitisha sheria mwaka 2015. Kampuni ilikwenda Mahakama ya Katiba, ikashindwa mwaka 2019. Mwaka huo huo Mahakama ya Juu ya Kenya nayo iliitupa rufaa ya kampuni hiyo hiyo dhidi ya kanuni za tumbaku za nchi ile. Na Baryomunsi? Wapiga kura wake walimrudisha bungeni mwaka 2016.

Sasa sisi. Nchi yetu iliridhia Mkataba wa Shirika la Afya Ulimwenguni juu ya kudhibiti tumbaku mwaka 2005, jambo ambalo Marekani yenyewe haijalifanya hadi leo. Ilitia sahihi mwaka 2004 ikaishia hapo. Kifungu cha 5, sehemu ya 3, cha mkataba huo kinazitaka serikali zilinde siasa zao za afya dhidi ya maslahi ya kibiashara ya tumbaku. Kiko katika maandishi tangu miaka zaidi ya 20 iliyopita. Ni wagombea wangapi mwaka 2023 walioulizwa juu yake? Walikuwa zaidi ya 20,000 kwa viti visivyofika 500, wakapita mitaani na fulana, chumvi na nyimbo. Sisi tuliwauliza juu ya barabara na usalama, na tulifanya vema. Hatukuwauliza nani alilipa fulana.

Katika uchaguzi wa Desemba 2018 Kanisa letu lilipeleka vituoni waangalizi wapatao 40,000, wengi wao walei kama sisi. Walikesha, walihesabu, walinakili matokeo yaliyobandikwa ukutani. Ilikuwa kazi ya heshima. Lakini siku moja ya kulinda sanduku, kisha miaka mitano ya kutojua mbunge wetu ameketi katika kamisheni gani, ni sawa na mtu anayelinda shamba siku ya kupanda na kurudi siku ya kuvuna. Katika mfano wa wakili asiye mwaminifu, aliyesifiwa hakusifiwa kwa wizi wake, bali kwa akili yake. Wenye sigara wana akili ya namna hiyo. Ubaya wao tuukatae. Bidii yao hatuna sababu ya kuwaachia peke yao.

Kodi ya sigara hapa kwetu huguswa katika sheria ya fedha ya kila mwaka, na sheria hiyo hujadiliwa katika kikao cha Septemba, kinachofunguliwa tarehe 15 na kufungwa katikati ya Desemba. Katika kikao hicho watu wa kampuni hawalali. Nafahamu kwamba wapo watakaosema vita, njaa na wakimbizi vinatutosha, na kwamba sigara ni jambo dogo. Silikatai hilo la vita. Lakini namna ya kumfuatilia mbunge kwa habari ya sigara ndiyo hiyo hiyo ya kumfuatilia kwa habari ya madini, ya mishahara ya walimu na ya fedha za hospitali, na wenye madini nao wana madaftari yao.

Napendekeza basi kila jumuiya iwe na daftari moja, lisimamiwe na watu wawili, mmoja wao akiwa kijana. Safu ya kwanza: jina la mbunge wa taifa na la mbunge wa mkoa, na kamisheni alimo. Ya pili: alichoahidi, kwa maneno yake na tarehe yake. Ya tatu: alichokipigia kura, au kwamba hakuwapo siku hiyo. Ya nne: nani aligharimia safari yake, fulana zake na zawadi zake kwa parokia, ikiwa ni pamoja na mabati na viti vya plastiki tulivyovipokea kwa makofi. Kisichojulikana kisiandikwe, na uvumi usiingie humo hata ukitoka kwa mzee wa kanisa. Safu ya tano ibaki wazi kwa majibu ya mbunge mwenyewe. Anapokuja likizo asomewe yaliyoandikwa mbele ya watu, apewe kalamu, na alichoandika kisifutwe.